Yuro 3,000 na baiskeli ya saiklokrosi: pesa ianzie wapi?

*"Shikamoo fundi. Naishi Gent, nyumbani ni Arusha. Msimu uliopita nilishiriki mbio kadhaa za saiklokrosi za ridhaa kwa baiskeli ya kuazima, nikanogewa. Sasa nataka kuunda yangu mwenyewe, kipuri kwa kipuri, iwe tayari kabla ya Septemba. Nina yuro 3,000. Uzito wangu ni kilo 74, urefu sentimita 178. Orodha yangu ni hii: fremu ya kaboni iliyotumika, gia za umeme za SRAM Rival zenye kaseti ya meno 10 hadi 36, rimu za kaboni anazotaka kuniuzia mwenzangu kazini (habu zake ni za Shimano, za spidi 11), na breki za diski. Nimepiga hesabu, itakuwa na kilo 7.8. Tatizo ni kwamba tairi zimebakiwa na yuro 60 tu. Halafu rafiki mmoja ananiambia nisithubutu kuweka chenringi moja mbele, mwingine anasema ninunue baiskeli ya changarawe niache kujisumbua. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kunogewa na saiklokrosi, mbio za baiskeli za kupita matopeni na kuruka vizuizi, mchezo wa watu wanaolipa pesa ili wakachafuke. Naona unachohofia hasa ni kumaliza akiba yako kwenye baiskeli inayopendeza sebuleni, halafu ikuaibishe kwenye matope ya Oktoba. Hofu hiyo ina msingi. Orodha yako umeianzia juu ukashuka nayo chini, na ulipofika kwenye kitu pekee kinachogusa ardhi, pesa zikawa zimekwisha. Mimi ningeianza kwa tairi, nije rimu, nije vile vipuri vinavyokufa matopeni, na fremu ningeiachia kinachobaki. Hayo mabishano ya chenringi (lile duara la meno linalozungushwa na pedeli) moja au mbili yanakuja baadaye sana.

Kwanza tuuondoe uzito mezani. Kilo 7.8 ni namba nzuri, na najua ilivyokupendeza ulipoijumlisha. Lakini hizi si mbio za kupanda mlima kwa saa nzima. Mzunguko mmoja una kilomita 2.5 hadi 3.5, unafunga breki, unakata kona, unakanyaga tena kwa nguvu, unashuka, unaruka vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40, unarudi kitini, na hivyo hivyo mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho. Kwenye udongo mzito wa Flandria, huko kwenu Ubelgiji, baiskeli yako itabeba tope la kilo moja, hata zaidi, kabla hujamaliza mzunguko wa pili. Gramu 400 ulizozinunua kwa yuro 800 zitakuwa chini ya tope hilo. UCI, shirikisho la dunia la mbio za baiskeli, imeweka kilo 6.8 kuwa uzito wa chini kabisa, na hakuna mtu wa ridhaa ninayemfahamu aliyepoteza nafasi kwa sababu baiskeli yake ilikuwa na kilo 8.7. Waliopoteza nafasi kwa kuteleza kwenye kila kona yenye mteremko wa ubavuni, hao ni wengi.

Sasa tairi, na hapa nitakaa kidogo.

Tairi hushika ardhi kwa kulala juu yake. Ukiwa na kilo 74, uzito wako na wa baiskeli lazima ubebwe na vipande viwili vidogo vya mpira vinavyogusa chini. Upepo ukiwa mwingi, kipande hicho hupungua, tairi huwa ngumu, na ikikutana na mzizi hurushwa juu badala ya kuufinyangia mwili wake. Ukiushusha, kipande kinapanuka, kashata (vile vinundu vya mpira) nyingi zaidi zinazama kwenye udongo kwa wakati mmoja, na tairi inajikunja kufuata kila jiwe. Ndiyo maana kwenye mchezo huu mazungumzo ya upepo ni ya bari moja na nusu (bari ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), wakati barabarani mtu anajaza mara tatu ya hapo. Swali gumu ni hili: utashukaje mpaka bari 1.5 bila rimu kugonga mawe na bila tairi kuchomoka?

Hapo ndipo aina tatu za tairi zinapotofautiana. Tairi ya kawaida yenye tyubu ndiyo rahisi kununua na rahisi kubadili, lakini ukiishusha chini ya bari 2 hivi, mzizi wa kwanza utaibana tyubu kati yake na kingo za rimu na utapata pancha ya matundu mawili. Kwa mbio, iache. Tairi ya kugundisha imeshonwa kuzunguka tyubu yake, na rimu yake haina kingo zilizosimama, kwa hiyo hata ikifinywa hadi mwisho hakuna chuma cha kuikata. Unaweza kwenda na bari 1.3 kwenye tope la kweli, na hata ukipata pancha tairi haichomoki kwenye rimu, unajikongoja nayo mpaka kituo cha kubadilishia baiskeli au gurudumu. Miongoni mwa wanaoshinda mbio kubwa wapo waliobaki na hizi, tena zile za kitambaa cha pamba kama za watengenezaji Dugast na FMB, kwa sababu pamba hujikunja kuliko nailoni. Gharama yake ni gundi. Inapakwa tabaka kwa tabaka, inaachwa ikauke, inapakwa tena, na Wabelgiji huweka utepe wa kitambaa katikati ili tairi isichomoke kwenye upepo mdogo hivyo. Mtu asiyeijua kazi hiyo tairi yake hung'oka kwenye kona, na mtu aliyeng'okewa na tairi ya mbele huwa hana la kusimulia ila bega lake.

Ya tatu ni tyublesi: tairi hukaa kwenye rimu yake maalumu, ndani unamwaga dawa ya majimaji inayoziba matundu. Haina tyubu ya kubanwa, haina gundi, na unaibadilisha Ijumaa usiku jikoni kwako. Udhaifu wake ni kwamba upepo ukiwa mdogo mno na ukilala nao kwenye kona, ukingo wa tairi hunyanyuka nukta moja, upepo ukatoka kwa mshindo kama mtoto anayecheua, na ghafla una bari 1.0 tu huku nusu ya mzunguko imebaki. Kwa hiyo utaishi na upepo wa juu kidogo kuliko mwenye tairi za kugundisha. Kwa bajeti yako na kwa mwaka wako wa kwanza, nakushauri tyublesi bila kusita. Tairi za kugundisha zitakusubiri, hazikimbii.

Kuanzia hapo: kwa kilo zako, kwenye ardhi ya kati weka bari 1.6 mbele na 1.7 nyuma. Tope likiwa zito shusha mpaka 1.4 na 1.5. Siku ya ukavu, mizizi na ardhi ngumu, panda mpaka 1.8 na 1.9. Hizo ni namba za kuanzia tu. Zunguka njia kabla ya mbio, na ukisikia rimu ikigonga chini mara kwa mara, ongeza kidogo. Usiposikia kitu kabisa na tairi inadundadunda, punguza. Na nunua kipimo cha upepo cha kujitegemea kinachoishia bari 2 au 4. Kile cha kwenye pampu yako kimetengenezwa kusoma hadi bari 11, na huku chini kinabahatisha. Ukienda kwenye uwanja wowote huku kwenu, watazame wale wazee wenye suruali zilizopauka dakika chache kabla ya kuitwa mstarini: wanabonyeza tairi kwa gumba, wanagusa vali kwa ukucha, *tss*, wanabonyeza tena, wanakwenda kutazama tope, wanarudi, *tss*. Hakuna marekebisho ya bei nafuu kuliko hayo.

Kuhusu kashata, dunia imegawanyika mara tatu. Kuna tairi karibu kipara katikati kwa ukavu na mchanga, kuna ya kati, na kuna ya matope yenye kashata ndefu zilizoachana ili tope litoke. Kwa kampuni ya Challenge hizo ni Chicane, Grifo na Limus. Kwa Dugast ni Pipistrello, Typhoon na Rhino. Ukiwa na jozi mbili tu, chukua ya kati na ya matope. Mchanga wa viwanja vya huko kwenu, kama Koksijde au shimo la Zonhoven, utaupitia kwa tairi ya kati yenye upepo mdogo na miguu yenye imani. Upana uwe milimita 33: ndio mwisho unaoruhusiwa kwenye mbio za kalenda ya UCI, na maofisa wanapima. Mbio nyingi za ridhaa zina ruhusa zaidi, ila soma tangazo la mwandalizi kabla ya kununua 35, usije ukarudishwa mlangoni.

Kutoka kwenye tairi unafika kwenye rimu, na ushauri wangu hapa hutaupenda. Usinunue rimu za kaboni za mwenzako. Si kwamba ni mbaya. Rimu ndefu za kaboni zina faida kweli, hukata mchanga na tope vizuri na hazibebi udongo mwingi kwenye spoki. Lakini kwa pesa hiyo unapata seti mbili za rimu za alumini za tyublesi, moja imefungwa tairi za kati, nyingine za matope. Mvua ikinyesha saa mbili kabla ya mbio, unabadili magurudumu kwa dakika tano. Mwenye seti moja ya kaboni anasimama pale na tairi yake ya kati akiomba mawingu. Tena seti ya pili inakaa kituoni kama akiba. Wale wa juu wana baiskeli nzima ya pili inayofanana na ya kwanza, kuna mtu anaiosha kwa mashine ya presha wakati wao wanazunguka, na kwenye tope la Gavere wanaibadilisha kila nusu mzunguko. Wewe huna mtu wa kukuoshea, lakini gurudumu la akiba unaweza kulimudu. Hakikisha tu diski za seti zote mbili zimekaa pamoja sawasawa, zisisugue pedi unapobadili. Fundi huweka vipande vyembamba vya chuma nyuma ya diski mpaka zilingane.

Kuna jambo jingine kwenye orodha yako ambalo lingekukuta na kipuri mkononi huna pa kukiweka. Kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya SRAM inayoanzia meno 10 inahitaji habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye kibebeo cha kaseti cha aina ya XDR. Habu za Shimano za spidi 11 zina kibebeo cha mtindo mwingine, ambacho gia yake ndogo kabisa inaweza kuwa ya meno 11. Havikutani. Kibebeo hubadilishika kwenye baadhi ya habu, kwenye nyingine hapana. Hili ndilo balaa la kujiundia baiskeli: kila kipuri ni kizuri peke yake. Kabla hujalipa kitu chochote, andika kwenye karatasi moja aina ya ekseli (siku hizi nyingi ni milimita 12, upana 100 mbele na 142 nyuma), aina ya kibebeo cha kaseti, aina ya kukaa kwa breki kwenye fremu, na kipimo cha tundu la botomu braketi (pale ekseli ya krenki inapopita kwenye fremu). Kipuri kisichokubaliana na karatasi hiyo ni cha mtu mwingine, hata kama kina punguzo la asilimia sabini.

Basi chenringi. Rafiki yako wa kwanza anazungumza maneno yaliyokuwa kweli zamani. Kulikuwa na sababu za kuweka mbili, kawaida meno 46 na 36: kaseti zilikuwa ndogo, na chenringi moja ilikuwa ikidondosha mnyororo kila unapobeba baiskeli begani. Mambo mawili yalibadilisha hesabu. La kwanza ni chenringi yenye jino nene na jino jembamba kwa kupokezana, kufuata nafasi za mnyororo ambazo nazo hupishana pana na nyembamba; kila jino linajaza nafasi yake na mnyororo haupati pa kuponyokea. La pili ni klachi ndani ya direla ya nyuma (kile kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia), inayoukaza mkono wake usitikisike mnyororo ukarukaruka. SRAM walileta seti yao ya chenringi moja kwa ajili ya mchezo huu mwaka 2014, Shimano wakaja na seti yao ya GRX mwaka 2019, na ubishi ukapungua.

Faida kubwa, kwa jicho la karakana, ni kilichoondoka. Direla ya mbele ilikuwa ghala la majani na udongo. Sasa hakuna. Hesabu ya gia nayo haina tatizo: gurudumu lenye tairi ya milimita 33 lina mzingo wa mita 2.1 hivi. Chenringi ya meno 40 na gia ya meno 11 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 7.6, ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda kilomita 41 kwa saa, na kwenye nyasi zilizolowa hutafika huko. Ukiwa kwenye gia ya meno 34 unasogea mita 2.5, na kwa mizunguko 60 unapanda kwa karibu kilomita 9 kwa saa. Chini ya mwendo huo shuka ukimbie, ni haraka zaidi. Kwa hiyo meno 40 mbele, kaseti ya 11 hadi 34 nyuma, basi. Ukijihisi mzito kwenye vilima vya Namur au Koppenberg, chenringi ya 38 ni kipuri cha bei ndogo. Hakikisha tu direla uliyonunua inaikubali kaseti hiyo. Ile iliyotengenezwa kwa kaseti za meno 40 na 42 ni nyingine.

Gia za umeme ni tamu, sikudanganyi. Hazina waya unaojaa uchafu, na vidole vilivyoganda Januari huzipenda. Ila direla ni kitu kinachoning'inia sentimita chache juu ya ardhi iliyojaa vijiti. Kijiti kikiingia kwenye spoki huibeba direla nzima. Ukiwa na bahati linavunjika sikio lake tu, kile kipande laini cha alumini kinachoishika kwenye fremu, ambacho kimewekwa hapo ili kife badala ya fremu. Nunua mawili siku ile ile unayonunua fremu, moja likae mfukoni. Usipokuwa na bahati, tofauti ya bei kati ya direla ya waya na ya umeme utaijua siku hiyo. Kwa mwaka wa kwanza, waya. GRX ya spidi 11 yenye breki za mafuta itakufaa, na habu za kawaida za Shimano zitaipokea kaseti yake bila ugomvi.

Breki sina maneno mengi. UCI iliruhusu diski kwenye mchezo huu mwaka 2010 na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Chukua za mafuta, kwa sababu zinajisogeza zenyewe pedi zinavyolika; za waya itabidi uzikaze kwa mkono, na katikati ya mbio hutasimama. Pedi laini huweza kuisha ndani ya saa moja ya mchanga na maji. Weka za chuma, zivumilie kelele zake, na angalia unene kila baada ya mbio.

Na baiskeli ya changarawe? Rafiki yako wa pili hajakosea kama unavyodhani. Fremu ya changarawe unaweza kushindana nayo, na hutakuwa wa mwisho kwa sababu yake. Ila ni ndefu kidogo, imetulia zaidi, hivyo kwenye kona za kujikunja inahitaji kusukumwa. Botomu braketi yake kwa kawaida iko chini zaidi, pedeli zikagusa kwenye mteremko wa ubavuni. Na pembetatu yake mara nyingi imejaa matundu ya chupa, wakati wewe unataka nafasi safi ya kupitisha bega. Kama baiskeli hii ndiyo itakayokupeleka kazini na safari za kiangazi, chukua ya changarawe, weka tairi za 33, ushindane. Kama ni ya mbio tu, tafuta fremu ya saiklokrosi, na alumini yenye foki ya kaboni haina aibu yoyote. Tazama nafasi ya tope: tairi ya 33 ikiwa ndani, kidole kipite pande zote mbili kwenye foki na kule nyuma karibu na krenki. Tazama pia botomu braketi. Ya kufungwa kwa nyuzi ni bora kwangu kuliko ya kugongelewa, kwa sababu utaiosha baiskeli kwa mashine ya presha kila wiki, maji yataingia kwenye beringi utake usitake, na ile ya nyuzi unaibadilisha mwenyewe kwa spana moja. Kila Jumatatu ya Novemba kinachoingia karakana ni kile kile: beringi zinazokwaruza, pedi zilizobaki chuma kitupu, masikio ya direla yaliyopinda. Fremu iliyokatika ni nadra.

Fremu ya kupimiwa mwili wako peke yako usiifikirie sasa. Kwa urefu wako za dukani zitakukaa, na bei yake ingekula bajeti yote.

Pedeli nimekaribia kuzisahau, na zisisahauliwe. Chukua za kunasa kiatu: SPD za kawaida za Shimano au Eggbeater za Crankbrothers. Eggbeater humwaga tope vizuri zaidi, SPD hudumu. Viatu viwe na matundu ya kufunga misumari ya mbele, maana utakimbia.

Kwa pesa zako ningegawa hivi, kwa makadirio: fremu na foki vilivyotumika yuro 700, seti ya gia na breki 800, seti mbili za magurudumu 600, tairi nne 250, pedeli, siti, usukani na nguzo yake 250, vipuri vya akiba 150. Zinabaki 250 za kipimo cha upepo, dawa ya tyublesi, ada za mbio na kitu ambacho hukukifikiria.

Kuna mambo sitaki uyamalize kwa kusoma. Fremu ya kaboni iliyotumika usiilipie kabla ya mtu anayejua kaboni kuivua foki na kuipiga tochi ndani; ufa mwingine hukaa chini ya rangi. Mafuta ya breki, kama hujawahi kuyatoa hewa, mpe fundi mara ya kwanza ukiwa umesimama pembeni unatazama. Siku ukiamua tairi za kugundisha, jozi ya kwanza agundishe mzoefu. Na urefu wa siti na umbali wa usukani upimwe na mtu aliye mbele yako. Magoti yakianza kuuma baada ya mbio mbili tatu na maumivu hayaondoki kwa mapumziko ya wiki, usiendelee kupandisha na kushusha siti kwa kubahatisha, nenda kwa daktari wa michezo.

Mwambie mwenzako wa kaboni asante. Kisha nitumie picha ya maandishi yaliyo kwenye botomu braketi na ekseli za fremu utakayoipata, kabla hujaagiza krenki.